Geji Orijino Haidanganyi

Jumatatu, 3 Novemba

Geji zimefika kutoka Nairobi! Tatu, ndani ya boksi, zimefungwa kwa pamba kama mayai. Ya mwendo, ya mafuta, na saa. Fundi amezifunga leo kwenye dashibodi ya Pijo 404 ya marehemu baba. Ni kopi, lakini zote zinafanya kazi. Saa inatembea. Mshale wa mafuta unasema robo, na ni kweli ni robo, maana mimi si mtu wa kujaza tangi. Ukiwasha taa, zinang'aa samawati.

Zile za zamani ziliungua waya mwaka juzi. Tangu hapo naendesha kwa kukisia. Sasa mimi ni mtu kamili. Kabura, mke wangu, alikuja akatazama, akasema ni nzuri, akarudi kwa kuku wake. Kwa Kabura hiyo ni hotuba.

Jioni akapita Ngige, kaka yangu mkubwa. Hakualikwa. Aliinama dirishani akatazama dashibodi, akanyamaza kwa muda mrefu kuliko anavyonyamaza kanisani. Halafu akasema:

"Gathii, umemvalisha baba miwani ya disko."

Akaenda zake. Wivu tu! Baba alipofariki, Ngige alipata shamba hapa Kitale, dada yetu Gladwell akapata ng'ombe, mimi nikapata Pijo. Ngige amevuna mahindi miaka yote hii na bado anaionea Pijo yangu gere.

Miwani ya disko. Chai nikaimwaga.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeziangalia tena geji. Namba ni nyeupe mno. Mshale ni wa rangi ya chungwa, na wa baba ulikuwa mwekundu. Hiyo samawati haifai kutajwa. Jana sikuona kasoro hata moja. Leo sioni kitu kingine. Ngige ana sumu.

Nataka orijino. Na najua zilipo.

Binti yetu Wangechi anaolewa na Khisa, mwalimu kule Lugulu. Mwezi wa nane tulienda kuwaona wakwe Tongaren. Baba yake Khisa ni Mzee Wepukhulu, afisa wa kilimo mstaafu, mtu wa koti na maneno machache. Na nyuma ya ghala lake la mahindi, juu ya mawe, bila magurudumu, kuna Pijo ndugu yake hii yangu. Ndani wanalala kuku. Lakini kwenye dashibodi! Geji tatu! Za kiwandani! Siku hiyo niliomba kwenda chooni mara kadhaa ili nipite karibu nazo. Mama Khisa akadhani tumbo linaniuma, akaniletea chai ya tangawizi kali, na nikainywa yote kwa ajili ya siri.

Kabura anasema nimwombe tu Wepukhulu. Rahisi kusema! Mzazi wa msichana haombi. Anaombwa. Nikienda Tongaren kunyenyekea kabla mahari haijazungumzwa, watasema huyu anatoa binti ili apate spea. Hapana. Wanakuja kwetu tarehe kumi na tano kupanga mahari. Geji zitaingia humo humo, kwa heshima, katikati ya mbuzi na mablanketi. Hakuna atakayeshtuka.

Mpango safi. Sina mpinzani.

Ijumaa, 7 Novemba

Kizingiti. Kwa desturi yetu sisi Wakikuyu, siku ya mahari baba wa msichana hafungui mdomo. Anakaa pale kama kibuyu. Msemaji ndiye husema, na neno la msemaji ni neno lake. Msemaji ni mkubwa wa nyumba. Mkubwa wa nyumba ni Ngige.

Nilimpelekea nyama. Akala kwanza. Nilipomweleza, alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akakubali. Sharti lake moja tu, nimwachie achague maneno mwenyewe. Sikuona ubaya, mdomo anao. Tulipatana pia juu ya ishara. Wakwe wakileta shauri na mimi nikilikubali, nitakohoa. Nikilikataa, nitajikuna kichwa.

Wangechi alikuja kutoka kazini mjini akiwa ameshasikia. Kabura hafichi kitu. Wangechi hakupaza sauti, na hilo ndilo baya. Alisema watu wa Tongaren wanamheshimu na angependa iendelee hivyo. Tangu akiwa mdogo tuna ahadi, mimi na yeye: siku ya harusi nitampeleka kanisani kwa Pijo ya guka, babu yake, na kumtia mkononi mwa mumewe. Leo akasema nikimwaibisha mbele ya wazee, atapelekwa na Ngige kwa pikapu.

Kwa pikapu! Ile ya kubebea mbolea! Nilimwambia baba mzazi anajua anachofanya. Akajibu kuwa hicho ndicho kinachomtia wasiwasi.

Jumamosi, 15 Novemba

Wameondoka sasa hivi. Naandikia zizini, kwa sababu ambazo zitaonekana.

Mambo yalianza vizuri. Wepukhulu na koti lake, akina mama na vikapu, na msemaji wao, Mzee Bethwel, mwembamba, mpole, hatari. Mbuzi walikubaliwa. Mablanketi yakakubaliwa. Tangi la maji la mama mkwe likakubaliwa, na huko jikoni nikasikia Kabura akipiga kigelegele. Amechota maji kwa jerikeni miaka mingi, na tangi hilo ameshalichagulia mahali, rangi, na hata upande wa kutazama.

Ndipo Ngige akasimama. Akarekebisha kofia. Sauti ikawa asali.

"Baba yetu Gachanja alituacha watoto watatu na gari moja," akasema. "Hiyo gari imekuwa kipofu. Kwenu tumeona macho. Sisi watoto wote wa Gachanja tunaomba hayo macho."

Machozi yalinilenga. Sijawahi kumsikia akinisemea vizuri hivyo.

Bethwel aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Watu wa Tongaren wakaomba kutoka nje wakashauriane, kama ilivyo kawaida. Tuliwasikia nyuma ya jikoni wakicheka, lakini kwa adabu. Waliporudi, Bethwel akasema maisha yake yote amezungumzia ng'ombe, mbuzi, na hata baiskeli ya mjomba mmoja, ila macho ya gari ni mara ya kwanza. Hawakatai. Lakini kitu kikiingia, kingine lazima kitoke. Macho yaingie, tangi litoke.

Nilitaka kujikuna kichwa. Mungu ni shahidi, mkono ulishafika sikioni! Lakini nilikuwa na tonge la mukimo mdomoni, na wakati huo huo nikaona uso wa Kabura mlangoni, na tonge likapita njia isiyo yake. Nikakohoa. Nikakohoa mpaka nikapigwa mgongo.

"Amekubali sana," akasema Ngige.

Kabura aliondoa sahani yangu kabla sijamaliza. Wangechi alitazama sakafu mpaka mwisho wa maombi.

Langoni Wepukhulu alinivuta kando. "Baba Wangechi, hizo geji si ungeitisha tu," akasema. "Ni kuku wamekuwa wakizitumia." Angenipa bure siku ile ile ya tangawizi, na jogoo juu yake. Nilimjibu kuwa desturi ni desturi. Akanitazama kwa upole fulani ambao sikuupenda.

Hata hivyo. Geji zangu!

Jumatano, 19 Novemba

Gunia limefika kutoka Tongaren. Kabla sijalifungua, pikapu ikaingia. Ngige, na Gladwell kando yake, ametoka Endebess asubuhi na mapema. Nikauliza wamekuja kufanya nini.

Ngige akauliza kama nimesahau maneno. Watoto wote wa Gachanja. Watoto ni watatu. Geji ni tatu.

Nikasema hiyo ilikuwa lugha tu ya kupendezesha. Gladwell akasema yeye alipendezwa nayo. Nikasema siwapi. Ngige akasema vizuri, basi niende Tongaren nikawaambie wazee kuwa neno la msemaji wangu si neno langu, na mahari yote ianze upya. Kabura akainua kichwa haraka. Wazo hilo yeye hakuliona baya hata kidogo, tangi lingerudi. Nikaona afadhali ninyamaze.

Mkubwa akachagua kwanza. Ngige akachukua ya mwendo. Gladwell akachukua saa. Mimi nikabaki na ya mafuta, na manyoya ya kuku, ambayo Kabura alinionyesha ufagio wa kuyafagilia. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu Jumamosi, na hata hayakuwa maneno.

Aliyekula nyama yangu ndiye aliyenimaliza. Sitamsahau.

Jumamosi, 22 Novemba

Endebess, kwa Gladwell. Nilibeba saa mpya ya ukutani, yenye picha ya maporomoko ya maji. Nani angekataa? Ile ya Pijo ameitundika sebuleni chini ya picha ya baba. Haitembei. Imesimama saa nne, na Gladwell anasema hiyo ni sawa, kwa sababu saa nne ni wakati wa chai.

Akasema kubadilishana si jambo la haraka, nimsaidie kidogo huku akifikiria. Nikakata nepia, majani ya ng'ombe. Nikabeba nepia. Nikamshika ndama achanjwe, na ndama akanikanyaga. Mwisho Gladwell akasema ameliombea jambo hili na jibu ni hapana. Maporomoko akayapokea kama zawadi, akanishukuru kwa moyo.

Njiani kurudi nilikutana na Ngige. Geji ya mwendo ameifunga kwa uzi kwenye kioo cha pikapu, inaning'inia ikizunguka. Alipunguza mwendo makusudi ili niione vizuri.

Alhamisi, 27 Novemba

USHINDI!

Fundi ametoa kopi ya mafuta na kufunga orijino. Alianza kuniambia kitu kuhusu geji iliyokaa na kuku muda mrefu hivyo. Nikamwambia kazi yake ni waya. Nikawasha. Mshale ukatetemeka, ukapanda, ukapanda, ukafika mwisho kabisa. Tangi limejaa!

Na kopi ilikuwa inasema robo! Uongo mtupu! Muda huu wote nimeendesha tangi lililojaa huku kitu cha dukani kikinitisha. Hivyo ndivyo vitu vya kisasa, huishi kwa kutia watu hofu. Orijino imetulia. Haina haraka na mtu.

Nilikimbia kumwambia Kabura. Akauliza nani alijaza hilo tangi. Kabura hawezi kupokea baraka bila kuuliza ilikotoka. Lakini alikuwa amenisemesha! Ushindi mara mbili.

Jumapili, 30 Novemba

Wangechi alikuja baada ya ibada. Alikaa nami nje, karibu na Pijo. Kisha akasema amenisamehe ya tangi, au yuko njiani kunisamehe. Nitampeleka Jumamosi ijayo kama tulivyoahidiana. Moyo wangu uliruka! Nilikuwa nimeanza kujiona nyuma ya pikapu, kati ya viti vya kukodi.

Ila aliomba jambo moja. Nirudishe ile geji ya Nairobi. Kabura amemweleza. Alisema hajali rangi ya taa, hajali anko Ngige alisema nini. "Baba, mimi nataka tu kufika."

Nikasema ndiyo. Sikusema lini.

Jumamosi, 6 Desemba

Nina kucha nyeusi na suti inayonuka, na naandika hivyo hivyo kabla ya kuoga.

Asubuhi Pijo ilimetameta. Utepe mweupe mbele, maua kwenye vioo. Kabura alikaa nyuma na Wangechi, na Wangechi katika nguo ile nyeupe nilishindwa kumtazama sawasawa, nikajifanya narekebisha kioo. Alipotulia, aliinama mbele akaiona dashibodi. Akaona mshale mwekundu. Aliuliza tu kama nimeweka mafuta. Nikamwonyesha kwa kidole. Limejaa.

Kituo cha petroli cha hapa mjini tulikipita tukipiga honi. Mhudumu alitupungia mkono. Kiminini, limejaa. Kamukuywa, limejaa. Nikawaambia watazame vizuri jinsi gari la zamani linavyobana matumizi. Mbele kidogo ya Kamukuywa Pijo ikakohoa, na mimi najua vizuri sasa matokeo ya kukohoa. Ikakohoa tena, ikasimama kando ya shamba la mahindi lililokwisha vunwa.

Mshale: limejaa.

Nyuma yetu ikaja pikapu, imebeba masanduku ya soda. Ngige alishuka. Nilingoja acheke. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alipangusa kiti kwa leso yake, akamfungulia Wangechi mlango. Wangechi alikusanya nguo yake mwenyewe, asingoje mtu.

"Nilikwambia nataka kufika," akasema. Wakaenda, yeye na mama yake.

Nilibaki barabarani na maua yangu kwenye vioo. Nimemlea msichana huyu. Nimembeba mgongoni akiwa na malaria, nimemfundisha kuendesha katika Pijo hii hii. Na siku aliyonihitaji mara moja tu, nilichagua mshale mwekundu. Nililia kidogo, nikiwa nimegeukia mahindi ili watu wa barabarani wasinione. Kisha nikasimamisha bodaboda, dereva wake akaenda kuniletea jerikeni ya petroli, na tukimimina nusu ikaingia kwenye tangi, nusu kwenye suti. Mshale haukutikisika. Wakati wa ukame ulisema limejaa, na wakati wa neema ukasema limejaa.

Niliendesha nikijua nimechelewa. Nilijua nitakuta nyimbo zimeisha na Ngige ameketi mbele, kwenye kiti changu.

Kanisani Lugulu nilikuta mlango wazi. Watu ndani wanajipepea kwa karatasi za ratiba. Mchungaji anatazama saa. Wepukhulu amesimama chini ya mti na koti lake, mtulivu, kana kwamba ndivyo harusi zinavyofanywa. Na kwenye ngazi, juani, Wangechi. Kando yake Ngige, mkono amemnyooshea, umechoka.

Wangechi alikuwa amekataa kuingia. Ngige alinieleza mwenyewe. Alimsihi, mchungaji akamsihi, mpaka Khisa akatoka nje kumsihi. Akawajibu wote jambo moja, kwamba baba yake yuko njiani, ni mtu wa kuchelewa lakini huja.

Nilipanda ngazi. Alinishika mkono, akanusa, akakunja pua.

"Twende kabla mtu hajawasha kiberiti," akasema.

Lakini hakusogea. Kwanza niape. Pale pale, mbele ya anko yake, mkono juu ya Biblia ya mchungaji, niape kwamba sitawaomba wakwe zake chuma chochote tena, maisha yangu yote. Nikaapa. Sauti ilikatika, nikarudia kuapa. Nilimaanisha kila neno.

Tukaingia. Watu wa viti vya kando walivuta leso puani tulipopita. Sikujali! Nilitembea kama askari. Nilipomtia mkononi mwa Khisa, Wangechi alinifinya kidole mara moja kabla ya kuniachilia.

Jumatatu, 8 Desemba

Nyumba kimya. Kopi ya mafuta imerudi mahali pake. Inasema tangi ni tupu, na ni tupu. Sina neno. Leo nimemchotea Kabura maji mwenyewe. Alinitazama kwa mashaka lakini akayapokea.

Mimi ni mtu mpya. Nimeliandika hapa ili lisomeke.

Mchana Wepukhulu alipiga simu kutushukuru. Mtu mwema sana. Alisema Krismasi watakuja kututembelea, na wataleta tangi la mama Wangechi, si kama mahari, zawadi tu, maana hakupenda uso wake siku ile. Kabura alipiga kigelegele simu ikiwa bado sikioni mwangu. Kisha Wepukhulu akasema mahari haiishi, undugu ndio umeanza, na kama kuna kitu moyoni nisione haya kumwambia.

Sikuwa na kitu moyoni. Kabisa. Nikamuuliza tu habari za kuku, kwa adabu. Akasema wazima, na mmoja analalia mayai kwenye kiti cha dereva cha ile Pijo, chini kabisa ya usukani.

Usukani.

Sikuwa nimeutazama vizuri, macho yalikuwa kwenye geji. Lakini sasa naukumbuka. Mwembamba. Rangi ya maziwa. Duara la honi halijapinda hata kidogo. Wangu niliubadilisha zamani, nina wa gari jingine, nimeushonea kava, na Ngige akiuona huwa anauliza kama ni mto wa kulalia.

Kiapo nakikumbuka. Nakikumbuka neno kwa neno, mimi si mtu wa kuvunja kiapo. Nimeapa kutoomba chuma. Usukani wa Pijo ni plastiki. Ndani huenda pana chuma kidogo, lakini nani atapasua usukani wa mkwe ili kuangalia?